Watukutu wa Halton: Watoto wa Miaka 15 Waliofunzwa Kushika Roho za Watu

Ndugu msomaji, kila asubuhi unapopanda basi kwenda kazini, humtazama dereva usoni. Ukimwona macho mekundu, au ukinusa harufu ya pombe, utashuka na kungoja basi jingine. Lakini ni lini uliwahi kuuliza ni nani aliyekaza nati za magurudumu ya basi hilo usiku uliopita, akiwa peke yake gerejini, taa ikiwa hafifu na mkuu wake amekwisha kwenda zake nyumbani? Dereva tunamwona, fundi hatumwoni. Hata hivyo roho zetu zimo mikononi mwa fundi kama zilivyo mikononi mwa dereva.

Basi likiharibika, abiria hushuka wakalisukuma, au wakakaa chini ya mwembe wakilalamika. Ndege haina mwembe wa kusimama chini yake. Kosa la fundi aliyeko ardhini humngoja rubani angani, na huko hakuna wa kumsaidia. Kwa sababu hiyo, majeshi ya anga ya nchi nyingi yamehangaika sana na swali la jinsi ya kumlea fundi wa ndege: si jinsi ya kumfundisha kushika spana tu, bali jinsi ya kumfanya awe mtu wa kuaminika mahali ambapo hakuna jicho linalomtazama.

Leo tutaitazama shule moja mashuhuri iliyolikabili swali hilo kwa muda wa miaka zaidi ya sabini: shule ya ufundi ya Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza iliyokuwako Halton. Tumeichagua kwa kuwa ndani yake limo jambo linalomhusu kila mzazi na kila mfanyakazi. Je, uaminifu hufundishwaje? Na je, ukali unasaidia kiasi gani, na huanza kuharibu wapi?

WAZO LA TRENCHARD

Jeshi la Anga la Kifalme liliundwa tarehe 1 Aprili, 1918, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikielekea ukingoni. Vita ilipokwisha, jeshi hilo changa lilipunguzwa sana, na mafundi wengi waliokuwa wamevaa sare kwa ajili ya vita wakarudi viwandani mwao. Mkuu wa jeshi hilo, Hugh Trenchard, akawa na ndege lakini hana hakika ya watu wa kuzitunza. Ndege za siku hizo zilikuwa za mbao, waya na vitambaa vilivyopakwa dawa ya kuvikaza. Zilihitaji seremala, mshonaji na fundi wa injini karibu kila siku.

Mwaka 1919 Trenchard aliandika mpango wake. Badala ya kungoja mafundi waliokwisha kuiva, jeshi liwachukue wavulana wenye umri wa miaka 15 na 16, liwafundishe lenyewe kwa muda wa miaka mitatu, kisha liwe nao kwa miaka mingi. Wanagenzi wa kwanza walianza mwaka 1920 huko Cranwell, katika jimbo la Lincolnshire, kwa kuwa majengo ya Halton yalikuwa bado hayajawa tayari. Mwaka 1922 Halton ikawapokea wa kwake.

Halton iko katika jimbo la Buckinghamshire, kaskazini magharibi ya London, chini ya vilima vya Chiltern. Lilikuwa shamba la tajiri mmoja wa ukoo wa Rothschild, wenye mabenki. Baada ya tajiri huyo kufariki mwaka 1918, serikali ililinunua shamba hilo. Jumba lake la fahari likawa mahali pa kulia na kupumzikia maofisa. Na kwingineko shambani, palipokuwa pamejengwa karakana kubwa wakati wa vita, wakaja kuishi watoto wa watu wa kawaida wakiwa na maboksi yao ya nguo. Jeshini walipachikwa jina la utani ambalo baadaye walilivaa kama nishani: Watukutu wa Trenchard.

KALAMU YA BABA

Kuingia Halton hakukuwa rahisi. Mvulana alifanya mtihani wa kushindania nafasi, wenye hesabu, sayansi na lugha, kisha akapimwa na daktari. Wengi walitoka katika nyumba ambazo karo ya kuendelea na masomo ilikuwa ndoto. Hapa palikuwa na mahali ambapo mtoto wa mfanyakazi angesoma bure, akala, akavishwa, akapewa na posho kidogo, na mwishoni akawa na ufundi usioweza kunyang'anywa na mtu.

Lakini bei ilikuwapo, nayo ilikuwa kubwa. Kabla mtoto hajaondoka, baba au mama alitia sahihi hati ya mapatano. Kwa sahihi hiyo kijana alifungwa kutumikia jeshi si kwa ile miaka mitatu ya mafunzo tu, bali kwa miaka mingine ipatayo kumi au zaidi tangu atakapotimiza miaka 18. Fikiri, ndugu msomaji. Kijana ambaye ndevu hazijaota anaahidiwa na wazazi wake kwa nchi mpaka atakapokuwa mtu mzima wa karibu miaka 30. Kalamu ya baba siku hiyo ilikuwa nzito kuliko nyundo.

SIKU MOJA KAMBINI

Kijana aliyefika alikuta maisha ambayo hakuyaona kwao. Alipewa kitanda kimoja katika chumba kirefu chenye vitanda vipatavyo ishirini. Alipewa sare, buti na beji ya shaba ya kuvaliwa kwenye mkono wa kushoto: duara lenye rafadha ndani yake. Beji hiyo ndiyo iliyomtambulisha mwanagenzi popote alipokwenda.

Tarumbeta iliamsha watu kabla ya mapambazuko ya majira ya baridi. Kwanza kitanda: mablanketi na mashuka yalikunjwa kwa pembe kali, yakapangwa mfano wa kasha, kila kitanda sawasawa na cha jirani. Kisha kunawa, kunyoa hata kama hakuna cha kunyoa, kifungua kinywa, na kujipanga. Wakaenda karakana kwa mwendo wa gwaride, ngoma na zumari zikiwatangulia. Kambi ilikuwa hata na mbuzi wake wa heshima, aitwaye Lewis, aliyetangulizwa katika gwaride akiwa amevishwa kwa fahari kuliko wanagenzi wenyewe.

Juma la kazi liligawanywa baina ya karakana, darasa na uwanja. Darasani walisoma hesabu, umakanika, uchoraji wa mitambo na elimu ya mambo ya jumla, kwa sababu Trenchard hakutaka watu wa kukariri. Mmoja wa walimu waliopata kufundisha Halton, A. C. Kermode, ndiye aliyeandika kitabu cha Mechanics of Flight, ambacho kimetumiwa na vizazi vingi vya wanafunzi wa urubani na ufundi katika nchi nyingi. Uwanjani palikuwa na kwata na michezo. Mwanagenzi mmoja aliyeingia mwaka 1925, Don Finlay, alikuja kuiletea Uingereza medali ya shaba katika mbio za kuruka viunzi za mita 110 kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1932, na medali ya fedha mwaka 1936.

Jioni haikuwa ya kustarehe sana. Palikuwa na masomo ya kurudia, na usiku mmoja katika juma ulikuwa wa usafi wa chumba kizima. Sakafu ilipakwa nta, ikasuguliwa mpaka mtu aone uso wake ndani yake. Na ili isichafuke tena, vijana walitembea juu yake wakiteleza kwa vipande vya blanketi chini ya miguu. Kesho yake alipita mkaguzi, akapitisha kidole juu ya mlango. Kidole kikitoka na vumbi, kazi ilianza upya.

Wengi walilia usiku wa kwanza, na wengi hawakukiri kwamba walilia. Barua ya mama ilisomwa mara nyingi mpaka ikachanika mikunjo. Posho ilikuwa shilingi chache kwa juma, na sehemu yake ilizuiwa hadi likizo ili kijana asirudi nyumbani mikono mitupu. Kilichobaki kilikwenda kwenye rangi ya viatu, stempu na kitu cha kutafuna.

KIPANDE CHA CHUMA

Sasa tuingie karakana, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha habari yetu.

Mtu angedhani kwamba mwanagenzi wa ndege huanza kwa kupewa ndege. Hapana. Alianza kwa kupewa kipande cha chuma, jiliwa la kukibana, na tupa. Akaambiwa akifanye kipande hicho kiwe na pande zilizonyooka na pembe zilizo mraba kamili. Basi. Siku ya kwanza alifurahi. Siku ya tatu viganja vilikuwa na malengelenge, na alipotumia nyundo na patasi alikuwa amekwisha kujigonga vifundo vya vidole mara kadhaa.

Ugumu wa tupa hauonekani kwa anayetazama. Mkono wa binadamu kwa asili huyumba kama mizani. Ukisukuma mbele, tupa huinama mbele, ukivuta, huinama nyuma. Matokeo yake ni kwamba uso wa chuma hutoka umebinuka katikati kama mgongo wa kobe, ingawa kwa macho unaonekana sawa. Mwalimu hakubishana na mwanafunzi. Alichukua kipimio cha pembe mraba, akakisimamisha juu ya chuma, akaviinua vyote viwili kuelekea dirishani. Mahali palipokuwa na kasoro palipita mwanga. Hata kama ni uzi mwembamba kama unywele, mwanga hausemi uongo.

Baadaye likaja zoezi linalojulikana na mafundi wa chuma duniani kote: kata tundu la mraba katika bamba, kisha chonga kipande cha mraba kiingie humo. Kiingie kwa upande wa kwanza, ukizungushe, kiingie kwa wa pili, wa tatu na wa nne. Kisilegee wala kisikwame, na mwanga usipite. Nafasi iliyoruhusiwa ilihesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi. Kijana aliyekuwa amekwisha kuchonga kwa siku nyingi, kisha kwa haraka akapitisha tupa mara moja zaidi kuliko ilivyopasa, alikuwa amepoteza kila kitu. Chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi.

Ndugu msomaji, unaweza kuuliza: kuna ndege gani yenye kipande cha mraba cha namna hiyo? Haipo. Zoezi hilo halikukusudiwa kutengeneza kipande, lilikusudiwa kumtengeneza mtu. Kijana alijifunza kwamba «inatosha» ni neno la hatari, na kwamba kipimo kipo nje ya maoni yake na nje ya maoni ya mwalimu pia. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mchimba makaa walipimwa kwa mwanga uleule.

Baada ya hapo ndipo mafunzo yalipopanuka. Wa injini walifungua injini na kuifunga tena mpaka wakaijua kama mkono wa kushoto unavyoujua wa kulia. Wa mwili wa ndege walijifunza kugonga ribiti na kuunga nyaya za usukani. Wengine walikwenda kwenye umeme na vipima. Walifundishwa kufunga nati kwa waya mwembamba uliosokotwa kwa namna ambayo, nati ikitaka kulegea kwa mtikisiko, waya huivuta upande wa kukaza. Mwisho wa mafunzo walikwenda kwenye uwanja ambako ndege kamili ziliwangoja. Huko waliwasha injini, wakaongoza ndege kwa ishara za mikono, na kuziandaa kana kwamba rubani yuko njiani.

SAHIHI YA FUNDI

Katika jeshi hilo kila ndege ina kumbukumbu yake ya matunzo, inayoitwa Fomu 700. Fundi akimaliza kazi huandika alichofanya na kutia sahihi. Mkubwa wake hukagua naye akatia ya kwake. Kazi ikigusa mitambo ya usukani, watu wawili huikagua kila mmoja peke yake, ili jicho la mmoja lisiliamini la mwenzake bila kuona. Rubani naye, kabla ya kuondoka, husoma na kutia sahihi kwamba ameipokea ndege.

Vyombo navyo vina nidhamu yake. Kila spana na kila bisibisi ina mahali pake palipochorwa umbo lake. Kazi ikimalizika, vyombo huhesabiwa. Kimoja kisipoonekana, ndege hairuki mpaka kipatikane, kwa sababu bisibisi iliyosahauliwa ndani ya bawa inaweza kukwamisha usukani.

Hapa ndipo unapoona kwa nini blanketi lilikunjwa kwa pembe na kidole kilipitishwa juu ya mlango. Wakubwa waliamini kwamba mtu aliyezoea kusafisha mahali pasipoonekana atakaza na nati isiyoonekana.

Je, kipimo kidogo hivyo kina maana kweli? Tuache kidogo jeshi tuone mfano wa ndege ya abiria. Tarehe 10 Juni, 1990, ndege ya Kiingereza iliyotoka Birmingham kwenda Malaga, Hispania, ilikuwa bado inapanda angani, kimo cha futi zipatazo 17,000, kioo kimoja cha mbele kilipong'oka. Upepo ukamvuta nahodha nusu ya mwili wake nje. Wahudumu walimshika miguu muda wote, na rubani msaidizi akaitua ndege Southampton. Nahodha alipona, na abiria wote walishuka salama. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta kwamba kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari hiyo, usiku. Kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa. Tofauti yenyewe ni sehemu 26 za elfu za inchi, pungufu ya milimita moja. Aliyezifunga alizilinganisha kwa macho na zile alizozitoa badala ya kutazama orodha. Hakuwa mtu mvivu wala mwovu. Alisema moyoni, «Inatosha.»

KIJANA ALIYETAKA KUTOROKA

Kati ya vijana wote waliopitia mpango wa Trenchard, mashuhuri kuliko wote ni Frank Whittle. Alizaliwa Coventry mwaka 1907. Baba yake alikuwa fundi mwenye karakana ndogo, na mtoto alijifunza kazi humo tangu udogo. Mwaka 1923 alifaulu mtihani wa kuingia, lakini daktari akamkataa: urefu wake ulikuwa futi tano tu na kifua chembamba. Akarudi nyumbani, akala kwa mpango, akafanya mazoezi, akaongezeka inchi tatu kwa urefu na kwa kifua. Akaomba tena. Akajibiwa kwamba aliyekwisha kukataliwa hapokelewi. Basi akaanza upya, kama mtu ambaye hajawahi kuomba kamwe, na safari hii akapita, akapelekwa Cranwell.

Ungetazamia kwamba kijana aliyepigania nafasi kiasi hicho angefurahi. Kinyume chake, Whittle aliuchukia ukali wa maisha ya mwanagenzi, na pakawa na wakati alipofikiri sana kutoroka. Hakuona njia yoyote ya kuwa rubani. Kilichomshikilia ni chama cha wanagenzi cha kutengeneza ndege ndogo za mfano. Huko mikono yake ilisema yale ambayo gwarideni hayakuonekana, na wakubwa wakaona. Mwaka 1926, alipomaliza mafunzo, alipendekezwa kwenda chuo cha maofisa. Hakuwamo katika orodha ya kwanza. Alipata nafasi kwa kuwa mmoja wa waliomtangulia hakufaulu kwa daktari.

Miaka minne baadaye, mwezi Januari 1930, kijana huyo wa miaka 22 aliandikisha hati ya uvumbuzi wa injini ya jeti. Serikali haikuona faida yake. Mwaka 1935 hati hiyo iliachwa ipite muda wake kwa kukosa pauni tano za kuihuisha. Hata hivyo aliendelea na wenzake, na tarehe 12 Aprili, 1937, injini yake ikanguruma kwa mara ya kwanza mjini Rugby. Wajerumani walitangulia kurusha ndege ya jeti, mwezi Agosti 1939, kwa injini waliyoibuni wao wenyewe. Ndege ya Kiingereza yenye injini ya Whittle iliruka tarehe 15 Mei, 1941, kwa muda wa dakika 17. Na iliruka kutoka wapi? Cranwell, mahali palepale ambapo mvulana mdogo wa kimo alikuwa amefikiri kutoroka.

WASIOTAJWA

Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, wanagenzi waliotoka Halton katika miaka iliyotangulia ndio waliokuwa uti wa mgongo wa karakana za jeshi hilo. Wengine walikuwa wamekwisha kuwa marubani na wanamaji wa angani. Mmoja wao, Sajini Thomas Gray, aliyeingia Halton mwaka 1929, aliuawa tarehe 12 Mei, 1940, ndege yake iliposhambulia daraja la Veldwezelt nchini Ubelgiji. Yeye na rubani wake, Donald Garland, walipewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya nchi yao. Ndani ya ndege hiyohiyo alikuwamo mtu wa tatu, Lawrence Reynolds, mwenye cheo cha chini kuliko wao. Alikufa pamoja nao, na hakupewa nishani yoyote.

Jambo hilo linatukumbusha hali ya mafundi wote. Habari za vita zilimtaja rubani. Hazikumtaja aliyekesha uwanjani kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi, akibadilisha sehemu iliyotobolewa na risasi ili ndege iruke alfajiri, kisha akasimama akihesabu ndege zinazorudi.

Halton haikubaki ya Waingereza peke yao. Wakati wa vita ilifundisha vijana wa Kipolandi waliokimbia nchi yao iliyotekwa, na baadaye walikuja wengine kutoka Pakistani, Ceilon ambayo leo ni Sri Lanka, na nchi nyinginezo. Kundi la mwisho la wanagenzi, la 155, lilihitimu mwezi Juni 1993, na shule yenyewe ikahamishiwa Cosford. Waliopitia mpango huo walikuwa makumi ya maelfu. Katika kanisa la kambi ya Halton yamebaki madirisha ya vioo vya rangi, yaliyotolewa na makundi ya wanagenzi kwa kumbukumbu ya wenzao.

UKALI NA UKATILI

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Wazee wengi waliopita huko huisifu shule hiyo kwa machozi. Lakini kumbukumbu hizohizo zinasimulia mambo mengine: makundi ya juu kuwavamia wadogo usiku na kupindua vitanda vyao, michezo ya kudhalilisha wageni, kazi za kutumwa bila haki. Baadhi ya watu husema, «Hayo ndiyo yaliyowafanya wawe wanaume.» Tusiyapokee maneno hayo upesi hivyo.

Ukali wa karakana na ukatili wa bwenini ni vitu viwili. Mwalimu aliyeinua chuma kuelekea dirishani hakumtukana mwanafunzi. Alimwonyesha mwanga unapopita, akamrudisha kwenye jiliwa. Ukali huo ulielekezwa kwenye kazi, na ulimfundisha kijana kusema, «Nimekosea, nianze upya.» Ukatili wa bwenini ulielekezwa kwa mtu, na ulimfundisha kuficha. Anayeogopa kupigwa hujifunza kufunika kosa lake kwa ustadi. Sasa mweke mtu huyo ndani ya ndege, bisibisi imemponyoka na kudondoka chini ya sakafu. Atakwenda kusema, au atanyamaza?

Wenye kusimamia usafiri wa anga wamelielewa hilo kwa kupotelewa na watu. Siku hizi mashirika mengi na majeshi mengi ya anga yana taratibu za kumhimiza fundi aripoti kosa lake mwenyewe, na asiadhibiwe kwa kosa la bahati mbaya alilolitaja mapema. Adhabu ni ya mwenye kuficha na mwenye kupuuza makusudi. Hawakufanya hivyo kwa huruma tu. Walitambua kwamba kosa lililotajwa hurekebishwa, na kosa lililofichwa hupaa pamoja na abiria.

Wewe mzazi ambaye mwanao yu karibu kumaliza shule, na pengine unafikiri kumpeleka jeshini au chuo cha ufundi, huna haja ya karakana za Halton ili uanze. Mpe kazi iliyo na kipimo: afunge bawaba ya mlango ulioanguka, apige randa ubao, ashone kifungo. Akimaliza, usiseme «vizuri» kabla hujatazama upande wa nyuma usioonekana. Na siku atakapokuja mwenyewe kukuambia kwamba ameharibu kitu ambacho hukuwa umekiona, zuia mkono wako na ulimi wako. Mwambie alete vifaa, mtengeneze pamoja. Siku moja mtu asiyemjua atalala usingizi ndani ya basi, meli au ndege, kwa sababu mwanao alikuwa peke yake usiku, akaona kasoro, akaisema.